Kadi Mbili za Igalamo

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko mtu huitikia marahaba, lakini mama angesikia nimeanza barua bila kukuamkia angenichapa, hata kwa umri huu. Kwa hiyo shikamoo. Kama hujaitikia nitajua umenikasirikia, na haki unayo, ingawa sina hakika kosa langu ni lipi hasa. Ndiyo sababu ninakuandikia hapa dirishani, kwenye meza yako, kwa kalamu ya maabara. Kichwa changu kimevurugika na sina mwingine wa kumwuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka wilayani. Kijiji cha Igalamo, kule njia ya Kigwa, kimekwisha hamiwa. Nyumba zimepangwa mistari, shule imeezekwa, bado neno moja tu kutoka kwetu: maji ya kisima yanafaa au hayafai. Fomu irudi Ijumaa, na iwe na sahihi yangu, kwa kuwa tangu ulipoondoka sahihi ya maabara ni yangu. Nikaona kazi rahisi. Nikafungua droo, herufi ya I, nikatoa kadi ya Igalamo. Nyuma yake ilikuwapo nyingine, nayo imeandikwa Igalamo.

Zote mbili ni mkono wako, Mjomba, ule mwandiko wa kuinamia kushoto. Zote umezikata kwenye yale makaratasi magumu yanayokaa ndani ya shati jipya, uliyokuwa ukiyaomba kwa Bwana Karimu wa duka la vitambaa. Zote ni za kiangazi kimoja, na zote zimeandikwa chupa ya nne. Ila kadi moja inasema floraidi kidogo sana, maji mazuri. Nyingine inasema floraidi nyingi, kiasi cha kuharibu meno ya watoto, na kuwapinda wakubwa mifupa wakiyanywa miaka mingi.

Sasa ipi ni ipi? Nimezipindua na kuzipindua kama mtu anayetafuta tundu kwenye nguo. Nyuma hakuna neno.

Wewe ungejua. Ungejua hata bila kuzisoma, na hapo ndipo ninapoanza kujichukia. Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilikuwa nimetoka chuoni, gauni limepigwa pasi, cheti kwenye bahasha, najiona nimefika. Ukanionyesha kabati lako la droo tatu. Juu, njia ya Kigwa, ile ya reli. Katikati, njia ya zamani ya wapagazi, inayopinda kuacha reli na kuingia porini kwenye miombo. Chini, njia ya Sikonge. Ukasema, "Haya, nitafutie Kigwa." Nikaanza kusaka K. Nikasaka mpaka jasho likanitoka, wewe umekaa unakunywa chai kwa utulivu wa kuudhi. Mwisho ukaniuliza, kwa lile neno la Kinyamwezi la kuniita mama, "Mayu, umetoka hapa mjini kwa miguu, mzigo kichwani, jua kali. Maji ya kwanza unayakuta wapi?" Nikasema sijui. Ukasema, "Basi huwezi kuipata kadi."

Nilidhani unanitania. Kumbe ndivyo ulivyozipanga kweli: maji ya kwanza mbele, maji ya pili nyuma yake, hadi mwisho wa njia, kama babu yako alivyofundishwa alipokuwa akibeba pembe kwenda pwani na kurudi. Mpagazi asiyejua maji yanayofuata yako wapi hakuwa na safari, ulisema. Babu alimfundisha baba yako, baba yako akakufundisha wewe, na wewe ukaja kuyatia mambo hayo kwenye kabati la serikali bila kumwuliza mtu. "Kabati hili mimi silisomi," ukaniambia. "Nalitembea." Nami moyoni nikasema, masikini Mjomba, mwanasayansi mzima anapanga vipimo kwa miguu ya marehemu.

Hayo nilikuwa sijakuambia. Leo nimekuambia.

Na bado nilikupenda, usidhani. Nilipenda asubuhi za kupima. Unapanga mirija ya kioo kwenye ubao wake, unatia ile dawa nyekundu, halafu unanikataza kuigusa kwa saa nzima. Maji mazuri huiacha dawa nyekundu. Maji yenye floraidi huifubaza, inakwenda inakuwa ya chungwa, hata ya njano. Kisha tunasimama dirishani, mirija yetu kwa ile ya kulinganishia, mimi nasema hii ni ya tatu, wewe unasema ya nne, tunabishana kama wachuuzi wa mitumba. Kila mara uliandika ya kwako. Mara moja tu uliandika ya kwangu, na siku ile ulinigawia asali yako ya Sikonge kwa kijiko, sijui kwa kunipongeza au kwa kunifunga mdomo.

Nikueleze sasa nilivyofanya, ingawa uliyaona mwenyewe.

Ulikuwa umekwenda Sikonge kwenye matanga ya shemeji yako. Akaja yule afisa kijana kutoka makao makuu, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Akafungua droo zako akacheka. Akasema nchi nzima inahamia vijijini, mtu yeyote akiuliza kijiji kwa jina lazima apate jibu hapo hapo, kila kitu kipangwe kwa alfabeti, na jina la kijiji ndilo kichwa cha kila kipimo. Akaniuliza, "Huyu mzee akiugua, ofisi itafanya nini?" Lile swali lilikuwa la haki, Mjomba. Hata leo naliona la haki. Ndiyo maana nashindwa kujua nilikosea wapi.

Nikazitoa kadi zote. Nilizimwaga sakafuni, droo tatu kwa pamoja, nikakaa katikati yake siku nne nikizipanga A mpaka Z. Nilifurahi! Nisikufiche. Niliimba nyimbo za kwaya peke yangu. Kila kadi ilipokaa mahali pake niliona nchi inakaa mahali pake. Haikunipitia akilini kuwa njia yenyewe hukuiandika popote. Jina uliandika, mwezi uliandika, kipimo uliandika, lakini maji yalikuwa ya njia gani hukuandika, kwa sababu droo ilikuwa imekwisha sema. Mwenye akili timamu angeliona. Mimi nilikuwa na cheti.

Ukarudi Jumatatu. Nilisimama pembeni mikono nyuma, nangoja sifa. Ulifungua droo ya kwanza, ukapitisha kidole juu ya kadi, ukafunga. Ya pili, ukafunga. Ya tatu hukuifungua. Ukasema, "Pazuri. Sasa hata mgeni ataona." Halafu ukatoka kwenda kununua sukari, na sukari ilikuwepo.

Kwa nini hukusema, Mjomba? Hili ndilo linalonikosesha raha. Uliona, siku ile ile uliona; mtu aliyetembea kabati miaka yote hawezi kukosa kuona njia imefutwa. Ungenigombeza tungezirudisha, bado ulikuwa unakumbuka kila kadi. Wiki mbili zingetosha. Je, ulinihurumia? Au ulikasirika ukaamua nitajionea mwenyewe? Au, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, ulikubaliana na yule kijana kwamba wakati wako umepita? Kuna siku naamini la kwanza. Juzi niliamini la pili mchana kutwa, nikakununia mpaka jioni, nikamnunia marehemu.

Ukastaafu. Ukaugua. Nilikuja kukuona mara ngapi pale nyumbani, tukazungumza habari za nyuki, bei ya tumbaku, kwaya. Kabati hatukulitaja. Nilikuwa na nafasi, nikadhani ipo nyingine. Tukakuzika, na njia zote tatu zikaenda nawe.

Basi nilipokuta kadi mbili nilikimbilia daftari la chupa. Nikasema hapo patakuwa na njia. Hamna. Ulikuwa unaanza namba upya kila safari, moja, mbili, tatu, nne, kwa hiyo chupa za nne ziko kama nzige. Nikamwuliza karani wa wilaya kama Igalamo ziko mbili. Akasema kwenye orodha iko moja. Nikamwuliza mlinzi wetu, ambaye ni mtu wa huko. Akasema, "Ziko mbili, ya relini na ya porini. Watu wa moja waligawanyika zamani, kila upande ukang'ang'ania jina." Nikauliza kipi ni kijiji kipya. Akasema, "Ya relini. Wale wa porini wamebebwa na malori, wameletwa huko huko." Kwa hiyo, Mjomba, watu wa Igalamo wamehamishwa kutoka Igalamo kwenda Igalamo, na mimi nimeshika kadi ya kila moja, sijui ipi ya wapi, na fomu inataka ndiyo au siyo.

Ningeweza kubahatisha. Nitakuambia ukweli, Jumanne niliandika "yanafaa" kwa penseli. Nikafuta. Nikaandika tena. Karatasi ikaanza kutoboka.

Jana, Jumatano, nikapiga moyo konde. Nikachukua sanduku lako la safari lenye mirija, dawa na ile mirija ya kulinganishia, nikapakia baiskeli kwenye gari moshi hadi Kigwa, kisha nikakanyaga. Kadi zote mbili nilizitia mfuko wa gauni. Njiani nilijaribu kuitembea njia kama ulivyonifundisha, maji ya kwanza, maji ya pili, nikashindwa baada ya hayo ya pili.

Kabla sijafungua chupa nilikwisha pata jibu. Kijiji kina watu wa aina mbili, wenyeji wachache waliozaliwa pale relini na wageni wengi kutoka porini. Watoto walikuja kunipokea wakicheka, na ungewagawa kwa kuwatazama midomoni tu. Wa porini meno meupe. Wa relini meno ya kahawia, mengine yamemong'onyoka pembeni. Nikaiegemeza baiskeli. Yale meno meupe yananywa nini sasa? Yananywa ya relini, tangu kiangazi kilichopita.

Mwenyekiti wa kijiji akanipokea vizuri, "Karibu Ndugu Mtaalamu," akaniwekea kigoda karibu na kisima. Nikachota, nikatia dawa, nikasema tungoje saa moja. Watu wakakaa. Mwanamke mmoja mtu mzima, jina lake Bi Nyamizi, akaja kukaa ubavuni kwangu na karanga kwenye ungo. Ni wa porini, malori yalimleta na mbuzi wanne, sufuria mbili na mlango. Mlango aliung'oa mwenyewe, asiuache.

Tukaamkiana. Akauliza, "Hiyo nyekundu inatafuta nini?"

"Inatafuta kama maji yana dawa mbaya, mama."

"Na ikiikuta?"

"Inafifia."

Akaitazama. Mwenyekiti naye akaitazama. Tulikuwa watu kama thelathini tunautazama mrija mmoja, na mtoto mmoja akauliza kama ni soda. Nusu saa haijafika ilikuwa imekwisha kuwa ya chungwa. Saa ilipotimia ilikuwa njano. Sikuhitaji mtu wa kubishana naye. Nilitamani abishe.

Nikawaambia. Niliyasema polepole, kwamba maji haya hayaui leo wala kesho, ila watoto wanaoota meno wasiyanywe, na watu wasiyazoee miaka. Mwanamume mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Basi tunywe yapi?"

Mjomba, sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Miaka yote hii nimepima, nimepanga, nimesahihisha, nimeweka A mpaka Z, na hakuna siku nilijiuliza mtu akishajua anywe nini. Nikasema nitapeleka habari wilayani, watachimba pengine. Mwenyekiti akatikisa kichwa haraka haraka, ndiyo, ndiyo, wilaya itachimba.

Bi Nyamizi akaweka ungo chini. Akasema, "Na kule tulikotoka? Kulipimwa?"

Nilikuwa na kadi mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze nilijua ipi ni ipi, bila wasiwasi hata chembe. Kadi nzuri ni ya porini. Maji matamu ni ya kule walikong'olewa. Nikamtazama mwenyekiti, naye akatazama chini. Nikawaza malori, nikawaza paa zilizoshushwa ili watu wasirudi, nikawaza sahihi yangu na kazi yangu na yule afisa mwenye kalamu mbili. Wakirudi porini kwa sababu ya neno langu, atakayeulizwa ni nani?

Nikasema, "Sijui, mama."

Hakukasirika. Alichagua karanga moja, akaimenya, akanitilia mkononi.

"Unajua," akasema. "Yule mzee wa baiskeli alikuja kupima kwetu. Alilala kwangu. Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba akituambia, maji yenu haya msiyaache, katika njia hii yote hakuna mfano wake. Akapita na huku relini, nao akawaambia ya kwao, tena mbele ya jumbe. Kila mtu hapa anajua. Nilitaka kuona wewe utasemaje."

Sikula ile karanga. Iko hapa mezani.

Sikuwa najua, Mjomba, kwamba ulikuwa ukirudi nyumba kwa nyumba. Ulipochelewa safari siku mbili tatu nilidhani unatafuta asali. Yote niliyokuwa nikihangaika nayo wiki nzima, na kupindua, na kufuta kwa penseli, yalikuwa kwenye vichwa vya watu wa Igalamo, na ningeyapata kwa kuuliza tu. Labda ndiyo maana hukusema kitu uliporudi ukakuta kabati limevurugwa. Labda kabati kwako halikuwa kitu kikubwa kiasi hicho. Au labda lilikuwa, na mimi najitafutia nafuu. Sijapata kuelewa, na wewe hunisaidii.

Ninachojua ni aibu. Ile ya kadi naweza kuibeba. Nilikuwa mwanafunzi wako, niliagizwa, swali la kijana lilikuwa la haki. Lakini jana sikuagizwa na mtu. Mwanamke aliyeng'oa mlango wake aliniuliza swali ambalo wewe ulilijibu mbele ya jumbe bila kusuasua, nami nikamwongopea machoni, na jibu limo mfukoni mwangu kwa mwandiko wako.

Fomu iko hapa. Kwenye "maji ya kisima" nimeandika hayafai, kwa wino. Chini pana nafasi ya "maelezo mengine", mstari mmoja tu. Nimeandika: "Watu hawa walikotoka, maji yanafaa sana." Nimeusoma mara nyingi. Mwandiko umeinamia kushoto, wallahi sijui umeanza lini. Wataniita wilayani, hilo sina shaka. Kesho nitaipeleka mwenyewe, lakini nitapitia Igalamo kwanza. Gari moshi la asubuhi linanitosha. Nataka Bi Nyamizi asikie kutoka kinywani mwangu kabla karatasi haijasema.

Naogopa, Mjomba. Ungekuwepo ungenipa kijiko cha asali na kunyamaza.

Pumzika. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi, binti wa dada yako,
Mpwa wako